Gari la Bidosa Mlangoni kwa Baba

Wiki nzima watu wamekuwa wakiniuliza kama friji lilifika. Lilifika. Afadhali lisingefika.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Ibtihal, mtoto pekee wa Haji Lutfi, muuza mafriji, mashine za kufulia na majiko ya gesi katika mtaa wa nyuma ya stesheni ya Damanhur, hapa Misri. Mama alifariki nikiwa bado nasoma. Mchumba wangu wa kwanza alikwenda Kuwait akaoa huko huko. Wa pili, Wagdi, ni fundi wa kiwanda cha nyuzi Kafr el-Dawwar, mtu mpole asiye na maneno mengi, na nilimpenda. Kwetu upande wa mwanamume huleta nyumba na vitanda, upande wa mwanamke huleta vya jikoni na vya umeme. Siku ya kuvihamisha, mtaa mzima hutoka kuvitazama.

Mara iliyopita niliishia pale mama yake Wagdi, Bi Insaf, alipokuja dukani akalikataa friji ambalo baba alikuwa ameniwekea kwa miaka. Alisema ni la kizamani. Akatoa simu yake akamwonyesha baba picha ya friji la milango miwili, rangi ya chuma cheusi, lenye kibomba cha maji baridi mlangoni. Mke wa mwanawe mkubwa alikuja na kama hilo, na yeye hakutaka watu waseme huyu mkwe ni wa juu na huyu wa chini.

Baba akaitazama ile picha. Akamwambia litakuja.

Sasa ili muelewe kilichotokea Alhamisi ile, lazima mjue baba alikuwa mtu wa namna gani.

Baba aliyachukia maduka ya mtandaoni kama mtu anavyomchukia aliyemvunjia nyumba. Hasa hilo la Bidosa, ambalo jina lake kwetu maana yake ni kwa mbonyezo mmoja tu. Magari yake meupe yenye maandishi ya buluu yalikuwa yakipita mtaani kwetu kila siku, na kila gari likipita baba alikuwa akigeuza kiti chake kuelekea ukutani.

Alikuwa akiwaambia wateja kwamba friji huwezi kulijua kwa picha. Ulifungue, ulifunge, usikilize. Uinamishe kichwa nyuma yake uisikie mota ikipumua. Wateja walimsikiliza kwa adabu. Walifungua, wakafunga, wakamuuliza lipi halili umeme, lipi linavumilia joto la Julai, lipi fundi wake yupo hapa mjini. Akawajibu yote. Kisha wakaipiga picha ile karatasi ya ubavuni yenye jina na namba ya friji, wakamshukuru, wakaenda nyumbani kubonyeza.

Na alijua. Mimi nilikuwa nakaa kwenye kaunta na nilimwona kuwa anajua. Lakini hakuweza kumdanganya mtu kuhusu friji, hata mtu aliyekuja kumuibia maarifa yake tu.

Hasira zake zilimwangukia Bi Tahiya, mshonaji wa nyumba ya pili, mjane. Alinunua mashine ya kufulia kwa Bidosa. Haikuchukua muda ikamwaga maji chumba kizima, ikaloweka vitambaa vya watu. Akapiga simu kampuni, akaambiwa asubiri fundi, akasubiri mpaka akachoka. Ndipo akaja kwa baba, viatu mkononi vikichuruzika maji. Wanaume walikuwa wamekaa mlangoni wanakunywa chai.

"Muulize huyo aliyekuuzia," baba akamwambia mbele yao wote. "Si yumo humo kwenye simu yako? Mwambie atoke aje kutengeneza."

Wanaume wakacheka. Bi Tahiya akageuka akaenda zake. Tangu siku hiyo akipita dukani kwetu alikuwa akitazama upande mwingine.

Baada ya hapo duka lilianza kupungua. Kilichouzwa hakikurudishiwa kingine. Pale palipokuwa na majiko pakabaki alama nne za miguu kwenye sakafu. Nilipomuuliza, baba alisema wakala wa Aleksandria amechelewesha mzigo, njia mbaya, lori bovu. Niliamini. Hata friji langu aliniambia linatoka kwa wakala huyo huyo, limeshapakiwa, nisiwe na wasiwasi.

Basi ikafika Alhamisi ya kuhamisha vyombo.

Tangu adhuhuri mtaa ulijaa. Pikapu mbili zilizofungwa vitambaa vyekundu zilisimama mbele ya duka. Mpiga zumari alikuwa ameshaanza, wanawake wanapiga vigelegele, sharbati inazunguka kwenye sinia. Vikapakiwa masufuria, mazulia, mashine ya kufulia, jiko, feni. Kwenye pikapu ya mbele baba aliamuru paachwe nafasi katikati. Nafasi ya friji.

Bi Insaf alikaa ndani ya gari dogo la shemeji yake, kioo kimeshushwa, mkono mmoja nje wenye bangili. Wagdi alikaa nyuma yake kwa shati jipya. Tulitazamana mara moja akatabasamu. Nilikuwa na furaha. Nalisema hilo kwa sababu ndiyo ilikuwa mara ya mwisho siku ile.

Baba alisimama kizingitini kwa kanzu yake ya kijivu, macho yakiwa kwenye kona ya mtaa. Bi Insaf alimtuma mtu mara mbili kuuliza friji liko wapi. Mara zote mbili baba alisema liko njiani.

Gari likakunja kona. Lilikuwa jeupe, na maandishi ya buluu.

Watu wakasogea kulipisha lipite, kama yanavyopita siku zote. Halikupita. Likaja likasimama mbele ya duka, nyuma ya pikapu, na dereva akashuka na kifaa mkononi akauliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kupiga kelele barabarani:

"Haji Lutfi Badrawi ni nani hapa? Ana mzigo wake wa Bidosa."

Zumari likanyamaza katikati ya wimbo.

Baba akainua mkono kidogo, kama mwanafunzi. Dereva akamwambia amsomee namba zilizoingia kwenye simu yake, bila hizo hawezi kushusha. Baba akatoa simu mfukoni, akaitazama, akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Mikono yake ambayo ingeweza kufungua mota gizani haikujua pa kugusa. Mwisho akanipa mimi bila kunitazama.

Nikazisoma namba zile mbele ya watu wote. Sauti yangu ilisikika mpaka ng'ambo ya barabara, kwa muuza miwa anayekamua juisi.

Na huyo muuza miwa ndiye aliyesema. "Haji," akaita kutoka kwenye mashine yake, "likiharibika hili tulipeleke kwako, au tukalitafute humo kwenye simu?"

Mtaa ukacheka. Hawakucheka kwa ubaya, nataka kuwa mkweli. Walicheka kama watu wanavyocheka harusini. Na baba akacheka nao. Alicheka meno yote nje, akijipiga paja, akisema ndiyo dunia ya sasa. Mimi nilimjua baba yangu. Sijawahi kumwona analia, lakini siku ile nilimwona anacheka hivyo.

Aliyetuokoa alikuwa Bi Tahiya. Alitoka kwenye mlango wake, akalichukua sinia la sharbati kutoka kwa mtu, akampa dereva glasi ya kwanza. Akamwambia anywe, ametoka mbali na jua kali. Kisha akamgeukia mpiga zumari akamuuliza amelipwa kupuliza au kusimama. Zumari likaanza tena. Alipompita baba alimpa glasi na yeye. Baba aliishika bila kunywa.

Boksi likashushwa. Lilikuwa kubwa kuliko mlango wa nyumba yetu, na picha ya friji lile lile la Bi Insaf ubavuni. Wanawake wakapiga vigelegele. Bi Insaf alishuka garini kwa mara ya kwanza, akalizunguka, akaridhika. Akasema lipakiwe hivyo hivyo na boksi lake, lionekane jipya.

Baba akasema lazima alifungue kwanza.

Bi Insaf akamwambia hakuna haja, jua linazama. Baba akasema hakuna kitu kilichowahi kutoka kwenye mlango ule bila yeye kukifungua, na hakitatoka leo kwa binti yake. Akakata kamba kwa kisu chake, akabandua vipande vyeupe vya povu gumu, na friji likasimama mtaani, jeusi, linang'aa, watu wanajiona nyuso zao ndani yake. Lilikuwa zuri kweli. Hata mimi nililitamani.

Baba akafungua mlango. Akaufunga. Akainamisha sikio.

Akafungua tena, akafunga tena. Kisha akachana kipande cha karatasi kwenye boksi, akakibana mlangoni, akakivuta. Kikatoka bila kushikwa na chochote. Akajaribu juu, akajaribu chini. Akapiga magoti barabarani na kanzu yake ya harusi, akapitisha kidole kwenye bawaba. Ilikuwa imepinda. Friji lilidondoshwa mahali fulani njiani, na mpira wa mlango wake haukushika.

"Halifungi," akasema.

Dereva hakuwa mtu mbaya. Alisema mambo hayo hutokea, na kwamba bado hajabonyeza chochote, hivyo Haji anaweza kulikataa pale pale, na yeye akalirudisha ghalani. Lingine litakuja. Lini? Hapo akakuna kichwa. Siku kumi, labda zaidi, rangi hiyo inagombewa.

Bi Insaf akasema lipakiwe.

Baba akainuka taratibu, magoti yana vumbi. "Mama Wagdi, nimekwambia friji hili halifungi. Chakula kitaoza ndani."

"Haji, nani atalifungua barabarani? Watu wanatazama tu. Likishafika nyumbani mtajua wenyewe la kufanya."

"Binti yangu atalifungua," baba akasema. "Kila siku asubuhi."

Nilidhani shida yetu ni hiyo tu, mlango uliopinda. Nilikuwa tayari kusema tulipakie, nitalifunga kwa kamba, nitaliegemezea kiti, mradi tuondoke pale. Nilishafungua mdomo.

Lakini dereva alikuwa na haraka. Akasema wakati wazee wanashauriana kuhusu friji, yeye amalize kazi ya pili. Akamwomba baba funguo za duka apandishe kibao.

Baba akamshika mkono, akamvuta pembeni. Nilikuwa karibu nikasikia. Alimwambia walikubaliana Jumamosi, baada ya harusi, na kwamba aliyemwandikia mkataba alimwahidi hivyo. Dereva akasema yeye hajui habari za mkataba, ameambiwa friji na kibao safari moja, asirudi mara mbili. Akafungua mlango wa nyuma wa gari akakivuta nje. Kilikuwa kirefu, cha buluu, kimefungwa nailoni, na jina lote la Bidosa lilionekana.

Safari hii hakuna aliyecheka.

Nikamuuliza baba kibao ni cha nini. Akaniambia nitaelezwa baadaye. Nikamuuliza tena.

Akaeleza akitazama chini. Wakala wa Aleksandria hakuchelewa. Alishaacha kumpa bidhaa tangu mwaka jana. Bidosa walikuwa wanatafuta mahali karibu na stesheni, watu wa vijijini waje kuchukua mizigo yao. Amewakodishia duka kwa miaka mingi, na kodi waliyompa mbele ndiyo iliyonunua kila kilichopo juu ya pikapu zile. Friji alilichagua kijana wao wa ofisini, kwa sababu yeye baba hakujua kuchagua kwa picha.

"Na wewe utakaa wapi?" nikamuuliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo. Nilikuwa nakiona kile kiti chake.

Baba alikitazama kibao. Bi Insaf ndiye aliyesema, na hakupaza sauti.

"Kwa hiyo Haji hana duka."

Akageuka akawatazama jamaa zake, kisha akamtazama baba kuanzia kilemba mpaka viatu. Akasema wao walikuja kuposa kwa mfanyabiashara. Wangetaka binti wa mtu anayekaa nyumbani, wangempata karibu zaidi, na nauli wangeokoa.

Nikamtazama Wagdi. Alikuwa ameegemea gari, anautazama ufunguo wa gari la baba yake mdogo ambao haukuwa hata wake. Nikasubiri aseme neno. Lolote. Hata lingekuwa la kipumbavu. Aliita "Mama" mara moja, kwa sauti ya chini. Mama yake akainua ule mkono wenye bangili, naye akanyamaza.

Nikawapa mgongo. Nikaenda kwenye pikapu ya mbele, nikawaambia wapakiaji washushe.

Wakadhani hawajasikia vizuri. Nikarudia. Washushe vyote, masufuria, mazulia, jiko, warudishe dukani. Mmoja akaanza kufungua kamba. Nilijihisi mrefu, nilijihisi nimemlipia baba heshima yake mbele ya mtaa. Nikageuka nimtazame, nikitegemea nitakuta angalau uso wake umepumzika.

Baba yangu alikuwa amejaa hasira, na hasira ile ilikuwa juu yangu.

"Urudishe wapi?" akaniuliza. "Dukani kwa nani? Nimelitoa duka ili uolewe, Ibtihal. Ukishusha, basi nimelitoa bure."

Nikamwambia sikuwa nimemwomba.

"Hukuomba," akasema. "Ungeomba ningekwambia sina."

Akakaa juu ya lile boksi tupu lililokuwa limelala barabarani. Likabonyea chini yake, akazama kidogo, na hakujaribu kuinuka. Glasi ya sharbati bado ilikuwa mkononi. Bi Tahiya akaja akaichukua taratibu, akakaa pale pale ukingoni mwa barabara kando yake, mwanamke ambaye alikuwa hajamsalimu kwa muda wote ule.

Bi Insaf na Wagdi wakaingia garini, mlango ukafungwa. Nikamsikia Bi Insaf akimwambia shemeji yake achukue ufunguo kwa Wagdi awashe injini. Gari likanguruma, likarudi nyuma kidogo kutafuta nafasi ya kugeuza. Watu wakaanza kusogea. Yule mwanamume mwenye zumari alikuwa ameliweka kwapani kama mwavuli.

Kisha gari likasimama ghafla. Mlango wa nyuma ukafunguka, Wagdi akashuka.

Alikuja hatua chache. Mama yake akamwita kwa jina lake lote, jina la baba yake na la babu yake, kama tunavyoitwa mahakamani au makaburini. Akasimama. Hakurudi nyuma, wala hakuja mbele. Alisimama katikati ya barabara, kati ya gari lililokuwa linanguruma na friji lililokuwa wazi mlango, mikono imening'inia, ananitazama mimi. Macho yake yalikuwa yanauliza nini, mpaka leo sijui vizuri. Pengine alikuwa ananiomba nimwite. Pengine alikuwa ananiaga.

Nikahisi mtu ananigusa bega. Alikuwa dereva wa Bidosa, kifaa chake mkononi, kidole juu ya kioo. Alikuwa na mizigo mingine ya kupeleka Itay el-Barud kabla ya giza, na alikuwa na aibu ya kuuliza, ilionekana usoni.

"Samahani, bibi harusi," akasema. "Mzee haongei. Nibonyeze ipi? Limepokelewa, au limerudishwa?"

Mtaa wote ukanitazama. Baba akainua kichwa. Wagdi akasogeza mguu mmoja.

Nikafungua mdomo. Nilichomjibu nitawaandikia wiki ijayo.